Maji ya Watani

Ilikuwapo nchi, na kama haikuwapo basi ramani ndiyo iliyokosea, si sisi. Jina ilikuwa nalo, jina zuri tu, lakini lilipelekwa wizarani kufanyiwa ukarabati mwaka wa maadhimisho, na mpaka leo fundi hajalirudisha. Wananchi wakazoea kusema "hapa kwetu", na mambo yakaenda.

Hapa kwao palikuwa na miji miwili jirani. Tamboni ulikaa juu mlimani, Chekeni ukakaa chini bondeni, na kati yao mteremko mkali kiasi kwamba chungwa likikuponyoka Tamboni, linamenywa Chekeni. Miji hii ilikuwa na utani wa tangu na tangu. Na utani ule haukuwa mchezo. Mtu wa Tamboni akishuka bondeni aliingia jikoni kwako bila hodi, akafunua chungu, akala mnofu, halafu akakwambia mchuzi wako una chumvi kama machozi ya mjane, nawe ukabaki kucheka. Mtu wa Chekeni akipanda mlimani aliondoka na kuku wa mwenziwe mchana kweupe, na mwenye kuku akamsindikiza hadi njia panda. Kumkasirikia mtani ilikuwa aibu kuliko kuvuliwa nguo sokoni. Tena siku ya msiba, ndugu wanapolia, mtani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayeshuka ndani kumpokea maiti, ndiye anayewachekesha wafiwa mpaka wakumbuke kula. Mtu aliweza kumficha siri mkewe na mwanawe, lakini mtani? Mtani ulimficha nini wewe?

Chekeni haikuwa na lami. Ilikuwa na zahanati yenye daktari siku za Jumanne. Lakini ilikuwa na chemchemi iitwayo Kibibi, iliyotoka kwenye mawe ikiwa baridi na tamu, haijui kiangazi wala uchaguzi. Na ilikuwa na Bi Mwamvita Kibwana.

Bi Mwamvita alikuwa Mwonjaji Mkuu wa Idara ya Maji. Mwonjaji Mdogo hakuwapo. Maabara ilikuwapo, ya kisasa kabisa, zawadi ya wafadhili, ila aliyeshika ufunguo alistaafu akaenda nao kwao, na barua ya kumwomba aurudishe ilikuwa ndani ya kabati la maabara, imefungiwa. Kwa hiyo mji mzima ulitegemea ulimi wa mtu mmoja. Na ulimi wenyewe sasa! Ungemfumba macho Bi Mwamvita ukampa kikombe, angekwambia, "Haya ya tangi la sokoni, na aliyelisafisha ni Mwinyikai, maana kaacha kipande cha sabuni ya kufulia pembeni." Wakienda kutazama wanakikuta kipande, na wakimtafuta Mwinyikai wanamkuta anaona haya.

Kila Ijumaa saa tatu asubuhi alisimama kwenye bomba kuu la uwanjani, akaonja mara tatu, akatangaza, "Yanyweka!" Umati ukaitika, "Basi tunakunywa!" Ndipo ndoo zilipoanza kusogea. Miaka ishirini na mbili hakukosea hata siku moja. Mume hakuwa naye, shamba hakuwa nalo, nyumba aliyolala ilikuwa ya kupanga. Alikuwa na hilo neno lake moja, na mji ulilichukua kama wengine wanavyochukua hati ya kiapo.

Kule juu mambo yalikuwa mengine. Tamboni ilikuwa na visima kumi na vinne. Kumi na vitatu ilivifukia ili ipate nafasi ya mabwawa ya kuogelea, ikakumbuka baadaye kwamba bwawa nalo linataka maji. Cha kumi na nne kilimalizwa na mrija wa mapambo mbele ya jumba la Meya, uliorusha maji hewani mchana kutwa ili wageni waone kwamba mji hauna shida ya maji.

Hapo ndipo Waziri wa Maji, Mvua na Unyevunyevu, Mheshimiwa Chomboko, alipoitisha Kongamano la Ushirikiano wa Miji Jirani.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Maji ni uhai, na uhai ni maji, kwa hiyo uhai ni uhai! Dunia ya leo haitupi kitu. Dunia ya leo inarejeleza. Karatasi zinarejelezwa, chupa zinarejelezwa, hata sisi mawaziri tunarejelezwa. Mimi mwenyewe nilikuwa Uvuvi, nikapelekwa Magereza, leo niko hapa mbele yenu, na ubora wangu haujapungua! Maji nayo yana kosa gani?"

Mpango ulikuwa rahisi hata mtoto angeuelewa, na huenda ndiye aliyeuandika. Chekeni itasukuma maji yote ya Kibibi kwenda juu. Tamboni itayatumia kidogo, kwa heshima. Kisha yataingia kwenye Mtambo wa Kisasa wa Urejelezaji, yasafishwe mara saba, yateremke Chekeni "yakiwa kama yalivyopanda, au zaidi".

Watu wa Chekeni walicheka, kama kawaida yao, ila safari hii kicheko kilikuwa na ukakasi. Bi Sijaona, muuza vitumbua, mwanamke wa makamo mwenye mjukuu mgongoni, alinyoosha mkono.

"Samahani Mheshimiwa. Yaani wao waoge, sisi tunywe?"

Waziri akajibu kwamba hilo ni swali la kitaalamu na litajibiwa kitaalamu, akakaa, akanywa maji ya chupa.

Wakazi wakaazimia hivi: maji hayo ya mtambo ayaonje kwanza Bi Mwamvita. Akisema yanyweka, mkataba utasainiwa. Asiposema, Kibibi haiondoki bondeni hata kwa kijiko.

*

Siku mbili hazikupita, Mhandisi Lugendo wa Tamboni akashuka. Huyu alikuwa mtani wa Bi Mwamvita, mtani hasa, wa kurithishwa na wazazi.

"Hodi! Bado hujafa tu, we mwanamke mwenye ulimi kama wa kinyonga?"

"Nitakufaje kabla sijakuona umelala wewe, kichwa kinu? Pita, na hilo tumbo lisinivunjie mlango."

Lugendo akaenda moja kwa moja jikoni, akapakua ubwabwa, akala amesimama, akaulaani mchele, akaongeza. Bi Mwamvita akamwacha ashibe ndipo akauliza.

"Huo mtambo wenu, mtani, upo kweli?"

"Upo. Nimeusimamia mwenyewe. Una mabomba kuliko matumbo ya ng'ombe."

"Na unasafisha?"

Lugendo akaweka sahani chini. Akafuta mkono. Akauacha utani kando, jambo asilolifanya mara mbili kwa mwaka.

"Mwamvita. Mimi niliyeshuka kaburini kumpokea mama yako kwa mikono hii. Nije nikudanganye kwa kikombe cha maji?"

Bi Mwamvita aliiona siku ile tena: mvua inanyesha, udongo unateleza, na Lugendo mle shimoni amelowa chapachapa akipaza sauti, "Teremsheni taratibu! Bibi huyu alininyima ubwabwa miaka kumi, leo nimemtia mkononi!" Waombolezaji wote wakacheka huku machozi yanawatoka, na yeye Mwamvita, aliyekuwa hajatia kitu kinywani siku mbili, jioni ile alikula. Mtu wa namna hiyo humwombi ushahidi.

"Haya," akasema. "Nitakuja kuonja."

*

Jengo la Mtambo lilikuwa jeupe, la ghorofa mbili, vioo vya buluu, na juu ya paa feni kubwa iliyozunguka kwa majivuno. Bango lilisema MAJI HAYAFI. Watu elfu tatu wa Chekeni walipanda kushuhudia. Mheshimiwa Chomboko alitoa hotuba ileile ya kongamano, neno kwa neno, na alipofika pale karatasi ilipoandikwa "makofi" akasoma kwa sauti, "Makofi!" Watu wakapiga.

Mwanasheria wa serikali akausoma mkataba kwa kasi ya mtu anayekimbia mbwa. Kwenye Ibara ya Kumi na Moja akapunguza kidogo, maana ilikuwa na mikato mingi: "Kwa kuwa pande hizi mbili ni watani, hakuna upande utakaokasirika kwa sababu ya maji, rangi ya maji, harufu ya maji, au kukosekana kwa maji." Bi Mwamvita aliyewekwa hapo kama shahidi akatabasamu. Nani tena anamkasirikia mtani? Ni kama kuandika sheria kwamba jua litoke mchana.

Kisha Lugendo akatoka ndani ya mtambo ameshika birika la shaba na glasi kwenye sinia lenye kitambaa cha kufuma.

Sasa, pana desturi kwa watu hawa. Ukiwa mgeni kwa mtani huchoti, hukagui, hunusi. Ukimiminiwa unakunywa. Anayenusa kwanza amemwita mwenyeji wake mchawi, na siku hiyo hata kuku wanaona aibu. Bi Mwamvita, ambaye kwao Chekeni asingeonja tone la maji kabla ya kuona koki yenyewe, alipokea glasi bila kuuliza koki iko wapi.

Funda la kwanza. La pili. La tatu.

Ulimi ukamwambia bila kusita: Kibibi. Si maji yanayofanana na ya Kibibi, ni Kibibi yenyewe, ya alfajiri, ya upande wa mawe, kabla wafuaji hawajafika.

Lakini kichwa nacho kikadakia: si ndivyo walivyoahidi? Si walisema yatateremka kama yalivyopanda? Basi mtambo huu kiboko! Akamtazama Lugendo. Lugendo alikuwa anatazama feni.

"Yanyweka!" akatangaza Bi Mwamvita.

"Basi tunakunywa!" watu elfu tatu wakaitika, na Waziri, kwa kutojua desturi, akasema, "Amina."

*

Kibibi ikavikwa mabomba, ikapandishwa mlimani. Siku ya tatu bomba jipya la Chekeni likakohoa, likatema.

Siku ya kwanza maji yalitoka na povu. Redio ya taifa ikaeleza kwamba povu ni ushahidi wa usafi, kwani hakuna sabuni chafu. Siku ya pili yalinuka pilau, na redio ikawapongeza wananchi kwa kupata maji yaliyoongezwa virutubisho. Mwezi haujaisha, Chekeni waliijua ratiba ya Tamboni kuliko Watamboni wenyewe: Jumatatu wanafua, Jumatano wanaosha magari, Ijumaa biriani, Jumapili wanaoga wote kwa mpigo. Kikashuka kifungo cha koti. Ikashuka wigi. Yakashuka meno ya bandia, safu nzima ya juu, na serikali ikatangaza kwamba mwenyewe ajitokeze, asitabasamu.

Wakacheka. Kisha watoto wakaanza kuharisha, na foleni ya daktari wa Jumanne ikaanza Jumatano. Wakaacha kucheka.

Mjukuu wa Bi Sijaona, Kidawa, mtoto wa miaka minne, alilala zahanati siku sita, akarudi na macho yaliyozama na shingo nyembamba kama bua la mchicha. Jioni hiyohiyo bibi yake akabisha kwa Bi Mwamvita, mkononi ana kopo.

"Onja."

"Dada Sijaona, nimesikia habari za mtoto, nilikuwa nataka—"

"Onja, Mwamvita. Sisi tulikunywa kwa mdomo wako."

Bi Mwamvita akaonja. Mafuta ya nywele. Maji ya vyombo. Tope la tairi. Choo. Kila kitu kilikuwamo isipokuwa maji yenyewe. Akatema, akashika mlango.

"Hayanyweki," akasema, kwa sauti ambayo hata kopo halikuisikia.

"Unasema?"

"Hayanyweki, dada."

"Ah. Umechelewa kidogo tu," akasema Bi Sijaona. "Wiki sita."

Mtaani walikuwa wameshampa jina, Mama Yanyweka. Akipita dukani vijana wanagonga makopo. Ijumaa alikwenda bombani saa tatu kama kawaida, na aliyehudhuria alikuwa mbuzi mmoja. Mbuzi akanusa, akamtazama Mwonjaji Mkuu kwa huruma, akaenda zake.

*

Alianzia ofisini, kama raia mwema. Karani wa malalamiko alikuwa kijana nadhifu mwenye mihuri saba.

"Lalamiko la maji, mama, lazima lithibitishwe na mwonjaji anayetambuliwa. Wa kwenu ni nani?"

"Mimi."

"Vizuri. Na kwenye jalada mwonjaji amesema nini? Hebu... 'Yanyweka.' Umeona? Lalamiko lako limeshajibiwa, tena na wewe mwenyewe. Huduma ya haraka hii! Ofisi nyingine wangekuzungusha." Akapiga mihuri yote saba.

Kesho yake miguu ikampeleka kwenye Mtambo. Ilikuwa Jumamosi, na ndani mlikuwa na muziki. Mlinzi akamzuia mlangoni.

"Kadi, mama."

"Kadi ya nini, mwanangu?"

"Ya harusi. Hapa ukumbi."

"Natafuta mtambo wa maji."

Mlinzi akafikiri. "Mtambo... Aa! Lile bomba? Pita uone, haliumi."

Ndani mlikuwa na viti mia tatu vya plastiki, maua ya karatasi na keki ya ngazi nne. Bomba moja nene liliingia kwa ukuta wa magharibi, likapita chini ya meza ya maharusi limevishwa satini ya waridi, likatokea kwa ukuta wa mashariki kuelekea Chekeni. Bwana harusi alikuwa amelipumzishia viatu.

"Na ile feni ya juu?" Bi Mwamvita akauliza.

"Ya joto. Wageni wakiwa wengi pana fukuto."

"Hapa hakuna kinachosafisha chochote?"

"Yupo mfagizi, mama. Anakuja Jumatatu."

Bi Mwamvita akakaa kwenye kiti cha nyuma. Wakamletea soda, wakidhani ni shangazi wa mtu. Alikuwa analisikia bomba likiguruma chini ya muziki, na ladha ile ya siku ya uzinduzi ikamrudia mdomoni, Kibibi ya alfajiri, ya upande wa mawe. Ulimi haukukosea. Maji yale hayakuwa yamepita kwenye mtambo wala kwenye bomba. Yalikuwa yametoka chemchemi yakaingia kwenye birika, na mtu aliyelibeba birika hilo hadi juu alikuwa anajua anakokwenda.

*

Bi Mwamvita alimkuta Lugendo bustanini mwa nyumba yake mpya, akimwagilia nyasi. Bi Mwamvita aligusa tone lililomrukia mkononi, akalipeleka mdomoni. Ilikuwa Kibibi.

"Ehee! Shetani kapanda mlima!" Lugendo akafurahi kwelikweli. "Nani kakufungulia zizi leo?"

Bi Mwamvita akajifuta mkono.

"Yale ya uzinduzi uliyachota wapi?"

Lugendo akaangua kicheko. Alipoona anacheka peke yake akakipunguza, kama mtu anayefunga koki.

"Kibibi, wapi tena. Alfajiri. Nikapanda nalo birika mwenyewe, nusura moyo unipasuke. Kubali, mtani, nilikupata! Utani wa mwaka huu nimeshinda mimi."

"Watoto wanaumwa, Lugendo."

"Mashine zingekuja. Waziri alisema tufungue kwanza jengo, mashine zitafuata. Mimi nilidhani zitafuata."

"Zisipofuata je?"

"Ndiyo hivyo, hazikufuata."

Nyasi zikaendelea kunywa. Bi Mwamvita akauliza lile lililompandisha mlima.

"Kwa nini mimi? Wako waonjaji wa kukodi. Wako watu wa kusema uongo hata bila kuombwa. Kwa nini ukanichukua mimi?"

Lugendo alishangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli, ndio maana ulimchoma Bi Mwamvita kuliko yote. "Sasa ningemchukua mwongo, nani angekunywa? Chekeni nzima mtu ambaye akisema watu wanafunua vinywa ni wewe tu. Nilikusifu mbele ya Waziri mpaka nikaona aibu. Na wewe ungesema 'yanyweka' kwa maji yasiyonyweka? Usingesema! Ndiyo nikakutafutia yanayonyweka." Akamgusa bega. "Sasa usinune, bwana. Ibara ya Kumi na Moja."

Bi Mwamvita akageuka, akashika njia.

"Huli?" sauti ya Lugendo ikamfuata. "We! Hata ubwabwa huli?"

*

Ijumaa akagonga debe uwanjani mpaka watu wakajaa. Wengi walikuja wapate la kumcheka.

"Hayanyweki," akasema. "Mnajua. Msilolijua ni hili: siku ile juu nilipewa Kibibi nikaonja, na ulimi ukaniambia ni Kibibi. Nikaunyamazisha. Nilimwamini mtu kuliko ulimi wangu, nikawanywesha watoto wenu. Mkinitukana nimestahili."

Kijana mmoja wa nyuma akajaribu, "Utani huo, mama?"

"Si utani, mwanangu."

Bi Sijaona akasogea mbele.

"Yetu, yale yanayonyweka, yako wapi sasa?"

"Kwenye koki zao."

"Koki za watani wetu?"

"Hizo hizo."

"Nawauliza nyie," Bi Sijaona akaugeukia umati. "Mtani akija jikoni kwako akala mnofu, wewe unafanya nini? Unaandika barua?" Akajitwika ndoo. "Unakwenda kula wa kwake. Mwamvita, tangulia. Utatuonjea."

Wanawake mia sita wakapanda mlima na ndoo, madumu na masufuria ya shughuli. Wakaingia nyumba hadi nyumba bila hodi, kama desturi inavyotaka. Bi Mwamvita anatangulia, anafungua koki, anaonja. "Kibibi! Yanyweka!" Nyuma yake, "Basi tunachota!" Kwa Meya walimkuta Meya mwenyewe ndani ya beseni la kuogea, wakachota yaliyomzunguka kwa adabu zote. "Endelea tu, mtani, usisimame. Hasa usisimame."

Polisi walifika, wakakuna vichwa. Wizi? Mtani haibi. Uvamizi? Mtani havamii. Meya, amejifunga taulo, alianza kufura, mwanasheria akamnong'oneza ibara, na Meya akalazimika kucheka. Tamboni yote ilicheka hivyo siku nne mfululizo, meno nje, kama mji unaoumwa jino, huku nyasi zinakauka na mrija wa mapambo unatoa hewa.

Siku ya tano Baraza la Mawaziri likakutana. Katika nchi ile daraja lilichukua miaka kumi na moja na kitambulisho miaka tisa, lakini Sheria ya Kufuta Utani ilipita kati ya chai na chakula cha mchana. Kuanzia saa saba na nusu hapakuwa tena na mtani wa mtu yeyote. Mheshimiwa Chomboko aliitangaza redioni, akasema, "Makofi!"

Kule Kibibi mwendesha pampu alikuwa Mzee Pazi, mtu aliyefuata maandishi hata yalipompeleka kwenye miiba. Aliisikiliza redio, akaufungua mkataba uliotundikwa ukutani, akavaa miwani. Mkaguzi wa wizara alipofika akamkuta ameweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Hapa pameandikwa nisukume maji kwenda kwa watani. Hao watani ni akina nani, mwanangu?"

"Hawapo, mzee. Wamefutwa na sheria."

"Basi nasukuma maji kwenda kwa nani?"

Mkaguzi akapiga simu wizarani. Wizara ikasema hilo ni swali la kitaalamu. Mzee Pazi hakuwa mtaalamu, kwa hiyo akazima pampu, akapiga kufuli, akaenda kula. Kuirudisha sheria nyuma kulitaka theluthi mbili za wabunge, na wabunge walikaa Tamboni, na hakuna aliyekuwa tayari kutoka nje hajaoga.

Kibibi ikarudi kwenye bomba la uwanjani. Ijumaa Bi Mwamvita akaonja mara tatu, akatangaza, "Yanyweka!" Watu wakaitika, ila waliitika wamechelewa kidogo, na mbele kabisa mama mmoja kijana alikinga kiganja, akaramba kwanza yeye, ndipo akasogeza ndoo. Bi Mwamvita alimwona. Akajifanya anafunga kanga.

*

Wiki iliyofuata, jua la saa sita, mtu akasimama mbele ya nyumba ya Bi Mwamvita na madumu mawili matupu. Suruali ilikuwa na vumbi la mteremko mzima. Akachungulia kulia, akachungulia kushoto, kwa kuwa sasa ilikuwa kosa la jinai, kisha akapaza sauti.

"Wewe mchawi mstaafu! Fungua, usije ukanifia humo ndani ukaninyima raha ya kukuua mwenyewe!"

Bi Mwamvita akatoka, akajifuta mikono.

"Karibu, Bwana Mhandisi. Habari za Tamboni?"

Lugendo akangoja. Alikuwa ameshaanza tabasamu lake, akabaki nalo usoni hajui aliweke wapi.

"We, ni mimi."

"Ndiyo, Bwana Mhandisi. Nyumbani hawajambo? Watoto wanaendeleaje na masomo?"

"Hawajambo... Mwamvita, bwana. Nitukane basi."

"Pole sana na jua. Naomba madumu."

Akayajaza mwenyewe, yote mawili, mpaka shingoni. Akayafunga vifuniko, akayafuta chini kwa kitambaa yasije yakamlowesha mgeni suruali, akayabeba hadi langoni, akayaweka mbele ya miguu yake.

"Asante kwa kututembelea. Utusalimie nyumbani."

Lugendo akainua madumu yake, akaanza kupanda. Kila baada ya hatua chache aligeuka kutazama nyuma, kama mtu aliyesahau kitu, na kila alipogeuka Bi Mwamvita alikuwa bado amesimama pale langoni, akimpungia mkono kwa adabu.